Kabla Barabara Hazijaganda

Januari 28, 2014, jiji la Atlanta, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, lilipata theluji ya kina kisichofika sentimita 7. Mkazi wa Minneapolis au Helsinki angeifagia mlangoni na kuendelea na shughuli zake. Atlanta ililala barabarani. Kuna madereva waliokwama kwa zaidi ya saa 12, na wengine waliyatelekeza magari yao wakatembea gizani kutafuta duka au kituo cha mafuta cha kujihifadhi. Maelfu ya wanafunzi hawakufika makwao usiku ule: kuna waliolala sakafuni kwenye kumbi za michezo za shule zao, na kuna waliobaki ndani ya mabasi yaliyokwama katikati ya safari. Katika barabara kuu ya mzunguko, I-285, mtoto wa kike alizaliwa ndani ya gari kwa sababu hapakuwa na njia ya kumfikisha mama hospitali. Yote hayo yalitokana na theluji isiyofika hata kwenye kifundo cha mguu.

Maelezo ya haraka ni kwamba watu wa kusini hawajaizoea theluji na hawana magari ya kutosha ya kuiondoa. Ni kweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Wiki mbili baadaye, kati ya Februari 11 na 13, dhoruba nyingine iliikumba Georgia ikiwa na barafu nzito iliyoangusha miti na nyaya na kuwakatia umeme maelfu kwa maelfu ya wakazi. Safari hii barabara za Atlanta zilikuwa tupu. Wiki mbili hazitoshi kuunda idara mpya ya kusafisha theluji wala kuwafundisha madereva kuendesha juu ya barafu. Kikubwa kilichobadilika ni saa ya kuamua. Shule zilitangaza mapema kwamba zimefungwa, hali ya dharura ikatangazwa kabla ya dhoruba kufika, na watu wakabaki majumbani. Hapo ndipo penye hoja ya makala haya: hasara ya majira makali ya baridi kwa shule, usafiri na michezo ya ridhaa hutegemea sana saa ambayo uamuzi hutolewa. Uamuzi wa mapema, hata ukikosea mara moja moja, ni nafuu kuliko uamuzi sahihi uliochelewa.

Ili kuona kwa nini saa chache zina uzito huo, tuitazame barabara yenyewe. Theluji ya kwanza ikianguka juu ya lami ambayo bado haijapoa sana, huyeyuka. Magurudumu huikandamiza iliyobaki, kisha baridi ikizidi, maji yale huganda na kuacha utando wa barafu ambao dereva hauoni hadi gari limeanza kuteleza. Dawa yake ya kawaida ni chumvi, kwa kuwa maji ya chumvi huhitaji baridi kali zaidi ili yagande. Lakini chumvi ina masharti. Hufaa zaidi ikimwagwa kabla barafu haijashika, na baridi ikipita nyuzi 9 hivi chini ya sifuri nguvu yake hupungua sana. Zaidi ya hayo, gari la kumwaga chumvi nalo linahitaji njia. Siku ile ya Atlanta, tahadhari rasmi ilitolewa kabla ya mapambazuko, lakini shule na ofisi zilifunguliwa kama kawaida. Theluji ilipoanza kushika ardhi mchana, wanafunzi, watumishi wa serikali na wafanyakazi wa kampuni waliachiwa karibu wakati mmoja. Barabara zikajaa, na magari ya chumvi yakanaswa katika foleni ileile yaliyokuja kuizuia. Gavana Nathan Deal aliomba radhi, na Meya Kasim Reed alikiri kwamba kuwaachia watu wote kwa pamoja lilikuwa kosa.

Kosa hilo hujirudia kwa sababu kila taasisi huamua kana kwamba ipo peke yake, ilhali zote zimefungwa kwa kamba moja. Februari 2, 2009, theluji iliyovunja rekodi ya takriban miaka 18 kusini-mashariki mwa Uingereza iliwafanya wasimamizi wa usafiri London kuyaondoa mabasi yote barabarani. Basi lisipopita, mwalimu anayeishi wilaya ya pili hafiki kazini. Walimu wakikosekana, mkuu wa shule hawezi kuwapokea watoto kwa usalama, hivyo hufunga milango. Mtoto akibaki nyumbani, mzazi wake naye hubaki, na mzazi huyo huenda ndiye muuguzi wa zamu au dereva ambaye angeendesha basi la kesho. Ndiyo maana shule ni kiungo kikubwa kuliko inavyodhaniwa. Uamuzi wa mkuu wa shule kuhusu siku moja ya masomo ni uamuzi pia kuhusu hospitali, kiwanda na barabara, na kila saa anayochelewa kuutoa ni saa ambayo familia nyingi hukosa nafasi ya kujipanga.

Waliozoea baridi wanalijua hilo vizuri zaidi. Minnesota, jimbo ambalo leo ni makao ya Wakenya wengi, ina magari ya kuondoa theluji, matairi ya majira ya baridi na watu waliokulia humo. Hata hivyo Gavana Mark Dayton aliagiza shule zote za umma zifungwe Jumatatu ya Januari 6, 2014, agizo ambalo jimbo lilikuwa halijalisikia kwa miaka 17. Sababu haikuwa kina cha theluji. Siku hiyo Minneapolis, jiji la jimbo hilo, ilishuka hadi nyuzi 30 hivi chini ya sifuri, baridi inayoipita ya friza ya nyumbani, ambayo kwa kawaida huwekwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Upepo ukiongezeka juu ya baridi ya namna hiyo, ngozi iliyo wazi inaweza kuanza kuganda ndani ya dakika 10, na mtoto anayesubiri basi kituoni anaweza kukaa zaidi ya hapo, hasa kwa kuwa dizeli nayo hugandamana na kukataa kuwasha injini. La kuzingatia zaidi ni siku ambayo agizo lilitolewa: Ijumaa. Wazazi walipata Jumamosi na Jumapili nzima za kutafuta wa kumwangalia mtoto, kuzungumza na mwajiri na kujaza kabati la jikoni. Gavana yule alikuwa na vifaa ambavyo Georgia haikuwa navyo, na bado aliwahi kuamua.

Michezo ya ridhaa husahaulika katika mjadala huu kwa sababu hasara yake haipimwi kwa fedha. Klabu kubwa za Uingereza zilianza kujikinga zamani. Everton ilitandika nyaya za kupasha joto chini ya nyasi za Goodison Park mwaka 1958, na leo viwanja vyote vya Ligi Kuu ya huko vina mfumo wa namna hiyo. Kabla kinga hiyo haijaenea, hata wakubwa walilia. Katika majira ya baridi ya mwaka 1963 raundi ya tatu ya Kombe la FA ilianza Januari 5 ikamalizika Machi 11, na mechi ya Lincoln City na Coventry City iliahirishwa mara 15. Timu za ridhaa bado zinaishi mwaka ule wa 1963. Uwanja wao ni wa halmashauri, hauna kitu chochote chini ya nyasi, na matundu yaliyochimbwa na njumu wiki iliyopita yakiganda huwa magumu kama jiwe lenye ncha. Refa hufika asubuhi, hukanyaga kwa kisigino sehemu zenye kivuli karibu na goli, na kama njumu hazizami, mechi hakuna. Hatari zaidi ni uwanja ulioanza kuyeyuka: juu tope, chini barafu. Mchezaji anayegeuka ghafla mahali hapo huacha goti, na nyasi hukatika mizizi hivi kwamba uwanja hauponi hadi msimu uishe.

Hapo pia saa ya uamuzi ndiyo mizani. Refa akisema hapana saa tatu asubuhi, timu ngeni tayari iko njiani, katika magari ya wazazi na ya wachezaji wenyewe, kwenye barabara zilezile zilizoganda. Halmashauri inayovifunga viwanja vyake vyote tangu Ijumaa hulaumiwa kwa uvivu, hasa Jumapili ikitoka na jua. Lakini mechi iliyofutwa Ijumaa huzaa kiporo kimoja tu. Iliyofutwa asubuhi ya mechi huzaa kiporo pamoja na mafuta yaliyoungua, siku ya mapumziko iliyopotea na wasafiri waliohatarishwa bure. Viporo navyo si jambo dogo. Vikirundikana, timu ya watu wanaofanya kazi mchana hulazimika kucheza mara mbili au tatu kwa wiki mwishoni mwa msimu, wachezaji huumia au hukosekana, na kuna timu ambazo huishia kujitoa. Nchini Marekani, ambako michezo mingi ya vijana iko chini ya shule, wilaya nyingi za elimu zimemaliza ubishi kwa kanuni moja: shule ikifungwa, mazoezi na mechi za jioni nazo zimefutwa. Kanuni hiyo ni kali, ila haimwachi kocha akibahatisha wala mzazi akisubiri simu.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni zito: utabiri hukosea. Shule ikifungwa leo kwa dhoruba isiyokuja, na wiki ijayo tena, watu wataacha kuamini, na siku ya hatari yenyewe watatoka. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo sababu uamuzi wa mapema hauwezi kuwa wa kukisia. Dawa yake ni vigezo vinavyojulikana tangu mwanzo wa msimu: baridi ikifika nyuzi kadhaa, au tahadhari rasmi ikifika daraja fulani, hatua fulani huchukuliwa, na atakayetangaza anajulikana pamoja na saa atakayotangaza. Mtu anayejua kigezo husamehe utabiri uliokosea, kwa kuwa haoni upendeleo wala uzembe. Kinachoua imani haraka zaidi ni tangazo linalotolewa mtoto akiwa tayari kituoni.

Pingamizi la pili ni la elimu. Watafiti Dave Marcotte na Steven Hemelt walichunguza shule za Maryland wakaona kwamba miaka yenye siku nyingi za kufungwa ilikuwa na wanafunzi wachache zaidi waliofaulu mitihani ya jimbo, hasa wa madarasa ya chini. Joshua Goodman, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Harvard, akitumia takwimu za Massachusetts za kati ya mwaka 2003 na 2010, alifika mahali pengine: kufungwa kwa shule hakukuonekana kushusha alama, lakini utoro ulizishusha. Theluji ya wastani, ile inayoacha milango wazi huku baadhi ya wanafunzi wakishindwa kufika, ilihusiana na ongezeko la utoro huo. Tafiti hizi mbili zinaweza kusomwa pamoja. Darasa zima likikosa siku moja, mwalimu huanza alipoishia. Nusu ya darasa ikikosa, mwalimu hulazimika kuwarudia waliokosa huku akiwachosha waliohudhuria. Hasara ya Maryland nayo inaeleweka tukikumbuka kwamba siku zilizopotea mara nyingi hufidiwa mwisho wa mwaka, mtihani ukiwa umeshapita. Kwa hiyo funga kwa ukamilifu, na fidia kabla ya mtihani.

Pingamizi la tatu ni la haki, na hili ndilo gumu kuliko yote. Mzazi anayelipwa kwa saa hupoteza ujira shule ikifungwa, na mtoto maskini hukosa chakula cha mchana ambacho huenda ndicho mlo wake wa uhakika. Wapo wanaosema intaneti imeshatatua tatizo. Jiji la New York lilijaribu Februari 13, 2024: shule zilihamia mtandaoni kwa sababu ya theluji, na familia nyingi zilishindwa kuingia kwa kuwa mfumo wa kuthibitisha watumiaji ulizidiwa. Hata ungefanya kazi, kompyuta haipiki chakula. Hata hivyo, haki haimtetei anayechelewa kuamua. Anayeumia zaidi na tangazo la alfajiri ni mzazi huyohuyo asiye na ndugu wa karibu wala ruhusa ya kazini. Akijua siku moja kabla, atabadilishana zamu au kuzungumza na jirani, na shule itaweza kugawa chakula cha kubeba au kuacha ukumbi mmoja wazi kwa wasio na pa kwenda.

Afrika Mashariki haina theluji mijini, lakini ina mvua, na somo ni lilelile. Mwaka 2024, wakati mafuriko yakiitesa Kenya, tangazo la kuahirisha ufunguzi wa shule wa Aprili 29 lilitoka usiku wa kuamkia siku hiyo, baadhi ya wanafunzi wa bweni wakiwa wameshasafiri. Dar es Salaam nayo inajua kwamba bonde la Jangwani likijaa maji, mabasi ya mwendokasi husimama na maelfu ya wafanyakazi hubaki upande mmoja wa mji. Hakuna serikali inayoweza kuizuia mvua wala theluji, na si kila mji unaweza kununua mitambo. Lakini kuweka vigezo, kumteua mtangazaji mmoja na kutaja saa ya tangazo ni mambo yanayohitaji kikao tu. Msimu ujao wa mvua unapokaribia, wazazi na makocha wawaulize wakuu wa shule na halmashauri zao swali moja: uamuzi utatoka saa ngapi, na utatolewa na nani? Pasipo na jibu leo, siku ya dhoruba halitapatikana kwa wakati.