Madabodi Imeandikwa Kila Kitu, Soma Kabla Uchomeke

Hii ni ya wale wasee na madem wa mtaa wenye wanakeshanga wakicheki mavideo za watu wakiunda mashini, alafu asubuhi wanarudi kwa ile ex-UK iko chini ya meza ikinguruma kaa posho mill. Unataka kutengeneza mabeat za Arbantone bila FL Studio kukwama katikati ya ngoma. Unataka kuedit video ya mbogi usiku huu na iwe imetoka kabla kukuche. Doo unasaka polepole, mwezi huu RAM, mwezi ujao prosesa. Alafu siku parti zote zimetimia, unazibeba unapeleka tao kwa fundi akuungie, ju kuna mtu alikushow ukikosea pini moja kila kitu inadedi.

Hapo ndio nakataa. Kuunga mashini yako ni mboka yako, na unaiweza. Madabodi haifichi kitu. Kila mahali pa kuchomeka pameandikwa jina kwa herufi ndogo nyeupe, na karibu kila plagi imepewa shepu yenye inakataa kuingia mahali si pake. Parti nyingi zenye hudedi zinauliwa na mkono wenye ulilazimisha, ama macho yenye hayakusoma. Kwa hivyo kabla ushike bisibisi, fungua kile kitabu kilikuja kwa boksi. Ukinunua madabodi mtumba haina kitabu, modeli yake imechapwa hapo kwa bodi. Itafute mtandaoni na upakue kitabu cha hiyo modeli yenyewe, si ya ndugu yake.

Hii story ya parti kutoshana haikuja hivi hivi. Intel walitoa standadi ya ATX 1995, na ndio maana hadi sai unaweza toa kesi kwa duka moja, paua saplai ya mtumba Luthuli, na madabodi kwa msee wa mtandaoni, na zote ziingiane. Bodi ya ATX kamili ni milimita 305 kwa 244. Micro-ATX, yenye ni rahisi kwa mfuko, ni 244 kwa 244. Kesi ya ATX inabebanga zote mbili, lakini kesi ya Micro-ATX haibebi ile kubwa, so uliza kabla ulipe.

Wenye mnapanga kuanzia kwa OptiPlex ama EliteDesk ya ex-UK, hapa mkuwe chonjo. Hizo mashini nazipenda. Ziliundiwa maofisi za majuu, zikifika huku bei ni poa na zinavumilia. Lakini Dell na HP hawakufuata ATX kila mahali. OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zinachukua stima kwa plagi ya pini 8, pale madabodi ya kawaida inataka pini 24. EliteDesk 800 G1 inatumia pini 6. Diski zinapata stima kutoka kwa madabodi yenyewe, na hadi suichi ya mbele iko na plagi yake pekee. Kwa hivyo usinunue moja ukifikiria utatoa hiyo bodi uihamishe kwa kesi ya vioo na taa. Kuna waya za kugeuza hizo plagi na zinafanya, lakini ukijumlisha gharama, afadhali hiyo ganji uipeleke kwa madabodi ya kawaida.

Iache kwa kesi yake, uiongezee SSD, RAM, na kadi ya grafiksi yenye haiitishi waya. Slotsi ya PCI Express inatoa hadi wati 75. GTX 750 Ti ya 2014 inakula 60, GTX 1050 Ti ya 2016 inakula 75, so zote zinakaa hapo bila kuuliza kitu. Angalia tu juu ya kadi, ju kuna 1050 Ti zingine zilitoka na plagi ya pini 6, na hiyo waya hauna. Kama kesi yako ni ile nyembamba, tafuta kadi fupi yenye kibati kifupi. Na ujue prosesa za Intel za kizazi cha nne, zile ziko kwa 9020, haziko kwa orodha ya Windows 11, na Microsoft waliacha kushughulikia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Linux Mint inatembea fiti sana hapo.

Sasa twende kwa build yako mwenyewe. Weka madabodi juu ya boksi yake, kwa meza, mbali na kapeti. Stima ya mwili ni kitu ya ukweli, inaweza ua chipu na usihisi chochote kwa kidole, kwa hivyo shika chuma isiyo na rangi kila mara kabla ushike parti.

Prosesa iko na pembetatu ndogo kwa kona moja. Soketi pia iko nayo. Zioanishe, achilia prosesa ishuke na uzito wake, usiisukume hata kidogo. Kwa soketi ya AM4 ya AMD pini zote 1331 ziko chini ya prosesa. Kwa AM5 na LGA 1700 ya Intel pini ziko ndani ya soketi, nyembamba vibaya, na zikipinda kuzinyoosha ni ngori. Ile mkono wa chuma wa Intel ukiufunga utauhisi mgumu na utasikia kitu ikilia. Ni kawaida. Kile kifuniko cheusi cha plastiki kitaruka chenyewe. Kiweke, ju siku ukirudisha bodi kwa waranti watakiulizia.

RAM inachanganya watu ju DDR4 na DDR5 zote ziko na pini 288. Lakini ule mkato wa chini haujakaa mahali pamoja, so ya DDR5 haiwezi ingia kwa slotsi ya DDR4 hata ukiisukuma na goti. Ukiona haikubali, toa usome tena. Kama slotsi ni 4 na uko na RAM mbili, ziweke kwa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa. Nyingi zimeandikwa A2 na B2. Hapo zinafanya kazi pamoja kwa njia mbili. Kwa mtu mwenye hana kadi ya grafiksi, anatumia kitu kaa Ryzen 5 5600G yenye grafiksi iko ndani ya prosesa, hii ni maneno kubwa, ju hiyo grafiksi inakopanga RAM. Mbili za GB 8 zitakupa gemu laini kuliko moja ya GB 16. Bonyeza pande zote mbili hadi klipu zijifunge zenyewe.

SSD ya M.2 haina story ndefu: ingiza ikiwa imeinama, ilaze, funga kaskrubu. Hako kaskrubu ni kadogo, kashike vizuri.

Kwa hitisinki, toa ile karatasi ya plastiki iko chini yake. Iangalie mara mbili. Pesti weka tone dogo katikati ya prosesa, uzito wa hitisinki utalieneza. Waya wa feni unaenda kwa pini 4 zimeandikwa CPU_FAN, si SYS_FAN wala CHA_FAN, ju bodi nyingi zikiwaka na zikose feni hapo zinakataa kuendelea.

Sasa stima. Hapa ndio nataka utulie, maze, ju hapa ndio kunakuwanga na moshi.

Geuza paua saplai ucheki nyuma. Zile za bei ya chini na za kitambo ziko na kasuichi kekundu kameandikwa 115 na 230. Yetu ni ya 230. Ikiwa imetoka nchi kaa Marekani, inaweza kuwa imeachwa kwa 115, na ukiichomeka kwa soketi ya Kenya italipuka kabla hujatoa mkono. Isongeshe kwanza. Kama haina hako kasuichi na imeandikwa 100-240, uko sawa, inajipanga yenyewe.

Paua saplai inatoa waya mbili zenye zinafanana sana. Moja ni ya prosesa, pini 8 zenye zinagawanyika 4 na 4, na mwisho wake kwa bodi ni ile kona ya juu kushoto, karibu na prosesa. Ingine ni ya kadi ya grafiksi, pini 8 zenye zinagawanyika 6 na 2. Zote zinabeba volti 12. Lakini volti 12 na graundi zimekaa kinyume kwa hizo mbili, na ndio maana shepu za pini zimetofautishwa. Ukilazimisha ya kadi iingie kwa prosesa umepiga shoti. Waya zenyewe huwa zimeandikwa kwa kichwa, CPU ama PCIe. Soma.

Ile kubwa ya pini 24 ni kinyume, inataka nguvu. Wengi huisukuma nusu, wanaogopa ju bodi inapinda kidogo, alafu mashini inakataa kuwaka. Weka vidole chini ya ukingo wa bodi uishikilie, sukuma hadi klipu ishike. Na kama paua saplai yako ni ile yenye waya zinachomoka, kamwe usikope waya za paua saplai ingine, hata kama zinaingia. Upande wa bodi unafuata standadi, lakini upande wa paua saplai kila kampuni imejipangia. Watu wameunguza diski zenye ziko na mapicha za miaka ju ya hiyo.

Kabla uingize kwa kesi, iwashe hapo hapo juu ya boksi. Tafuta pini zimeandikwa F_PANEL, ama JFP1 kwa MSI, soma kitabu ujue mbili za suichi ni gani, uziguse pamoja na ncha ya bisibisi kwa sekunde moja uachilie. Volti zake hapo ni kidogo, hazikudhuru. Feni ikizunguka, na picha itokee kama prosesa yako iko na grafiksi ndani, basi ukiifunga kwa kesi na ikatae, unajua shida iko kwa kesi.

Na shida ya kesi mara mingi ni vile viguzo vya shaba. Bodi inakaa juu yavyo ndio isiguse chuma. Hesabu mashimo ya bodi, weka viguzo hapo pekee. Kimoja kikibaki mahali hakuna shimo kinagusa mgongo wa bodi na kupiga shoti. Kile kibati cha nyuma cha USB na HDMI kiingize kabla ya bodi, ju ukisahau utatoa kila kitu.

Sasa zile waya ndogo ndogo za mbele, zenye hufanya watu wapigie fundi. Buda, hizo ziko na mpangilio na haubadiliki sana. Kwa bodi nyingi F_PANEL ni pini 9, safu mbili, moja imeachwa tupu. Taa ya diski inakaa pini ya 1 na ya 3, taa ya pawa ya 2 na ya 4, rizeti ya 5 na ya 7, suichi ya pawa ya 6 na ya 8. Suichi hazijali upande, ju kazi yake ni kugusanisha tu pini mbili. Taa ndio zinajali: ya 1 na ya 2 ni chanya. Ukigeuza taa hakuna kitu inaungua, haitawaka tu, so igeuze. Fanya hii kabla uweke kadi ya grafiksi, ukiwa na tochi ya simu na nafasi ya mkono.

USB ya mbele ya zamani na sauti ya mbele zote ni pini 9, lakini pini yenye imekosekana haiko mahali pamoja, so haziwezi kubadilishana. Ile ya USB 3 ni kubwa, pini 19, na zinapinda haraka, so iangalie ndani kabla usukume na uingize ikiwa imenyooka.

Kadi ya grafiksi iende kwa slotsi ndefu ya juu, hadi klipu ilie, kisha waya yake ya 6 na 2. Waya zingine zipitishe nyuma ya bodi ndio upepo upite mbele.

Ukiwasha na skrini ibaki nyeusi, usipanik. Cheki waya ya monita kwanza: kama uko na kadi ya grafiksi, inafaa iwe kwa kadi, si kwa madabodi. Alafu angalia bodi, zingine ziko na taa nne zimeandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Yenye imebaki ikiwaka ndio inakushow penye imekwama. Ikiwa DRAM, toa RAM, ziingize tena, jaribu moja moja.

Ukiingia BIOS utapata RAM yako ya 3200 inatembea kwa 2133 ama 2400. Hujakulwa. Inaanzanga chini hadi uwashe XMP, ama EXPO kwa bodi za AM5. Iwashe, sevu, izime iwake tena, kisha kaa hapo hapo kwa BIOS dakika chache ukicheki joto ya prosesa. Ikitulia kati ya 30 na 50, hitisinki imekaa poa na unaweza chomeka flashi yenye iko na Windows ama Linux. Ikipanda mbio ikielekea 90, zima, fungua, na uanzie kwa ile karatasi ya plastiki.