Ndoa Ikivunjika Ng'ambo, Kibali cha Kukaa Huwaje?



Baada ya mkutano wa kikundi kimoja upande wa Nkubu, pesa za mzunguko zikiwa zimeshagawanywa na watu wanarudisha viti vya kuazima, mama mmoja alibaki nyuma. Alikuwa na neno. Binti yake aliolewa na kijana wa huku huku Meru ambaye ameishi Uingereza miaka mingi na amepata uraia wa huko. Ncoolo ililetwa, ruracio ikafanywa, harusi ikafungwa, na binti akasafiri kwa visa ya mke. Baada ya mwaka mmoja na nusu walikuja pamoja Desemba kusalimia wazee. Siku ya tatu mume akasema anafika Nairobi mara moja. Hakurudi. Alipiga simu akiwa ameshafika London: "Kaa hapo kwanza, nitakutumia tiketi." Pasipoti ya binti alikuwa amekwenda nayo.

"Mwalimu," mama akaniuliza, "nimwambie aombe msamaha? Watu wanasema bila mume hawezi kurudi huko tena. Na ile kazi alikuwa ameanza ya kutunza wazee ndiyo inalipia mdogo wake karo."

Nikamuuliza msamaha wa kosa gani. Hakujua. Hata binti hakujua.

Mimi si wakili, nilisomea kazi za jamii tu. Lakini nilikwenda nikauliza wanaojua, na ninayaandika hapa kwa sababu tangu siku hiyo nimeletewa maneno ya namna hiyo kutoka Maua na Runyenjes pia. Wazazi wengi wanaamini kwamba binti akitengana na mume huko majuu, basi ni kufukuzwa tu. Kwa ajili ya imani hiyo wanamwambia avumilie mambo ambayo hapa nyumbani wasingekubali hata wiki moja.

Shamba la hati ya mwingine

Visa ya mke ni kama kulima shamba ambalo hati iko kwa jina la mume. Unapanda na unavuna, lakini ukikosana naye, mpaka wako hauonekani. Kwa Uingereza, mke anayetoka Kenya hupewa kwanza miezi 33, halafu huongezewa, na baada ya miaka 5 anaweza kuomba makazi ya kudumu. Hayo ya kudumu ndiyo hati yake mwenyewe. Akishayapata, mume akiondoka kibali hakiondoki naye. Ndoa ikivunjika kabla ya hapo, serikali inatakiwa kujulishwa, na inaweza kufupisha ile visa, mara nyingi ikimwachia siku 60 tu za kutafuta njia nyingine au kuondoka.

Sasa hapo ndipo watu husimama, wakidhani maneno yameisha. Hayajaisha.

Kama ndoa imevunjika kwa sababu ya dhuluma, sheria ya Uingereza inamruhusu mke (au mume, maana wanaume pia hupigwa) kuomba makazi ya kudumu kwa jina lake mwenyewe bila kungoja ile miaka 5 na bila kufanya mtihani wa Kiingereza. Kama hana pesa wala mahali pa kulala, anaweza kuomba kwanza kibali cha miezi 3, akapata msaada wa serikali huku akitayarisha ombi lenyewe. Mpango huo wa miezi 3 ulianza mwaka wa 2012. Na dhuluma si kofi peke yake. Sheria ya huko ya mwaka wa 2021 inahesabu pia vitisho, kumnyima mtu pesa, kumchunga kila hatua na kumvunja moyo kwa maneno. Jambo kubwa ni kwamba huyo mume awe raia au mwenye makazi ya kudumu, na mke awe aliingia kama mke wake.

Na yule aliyeachwa hapa nyumbani? Zamani aliumia, kwa sababu ombi lilikuwa la kufanywa akiwa ndani ya Uingereza. Mwanamke mmoja aliyeachwa hivyo nje ya nchi alikwenda Mahakama Kuu ya London, na mwaka wa 2022 ikaamuliwa kwamba haikuwa haki kumbagua. Tangu tarehe 31 Januari 2024 kanuni zinamkubali mke aliyetelekezwa nje ya nchi aombe akiwa huko huko alikoachwa. Mama wa Nkubu alipofahamu hivyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kanuni hiyo inajua Nkubu iko wapi. Nilimwambia haina haja ya kujua.

Kuna pia mlango wa mtoto. Mzazi ambaye mtoto wake ni raia wa Uingereza au ana makazi ya kudumu huko, na anamlea au ana haki ya kumwona, anaweza kuomba kukaa kama mzazi ingawa ndoa imekwisha.

Marekani na Ujerumani

Kwingine sheria ni nyingine, kwa hivyo msiige ya jirani. Marekani, kama ndoa haijafika miaka 2 wakati mtu anapopokelewa, grini kadi yake huwa ya miaka 2 tu, na kabla haijaisha mume na mke huomba pamoja masharti yaondolewe. Wakiwa wametalikiana, mke anaweza kuomba peke yake akionyesha kwamba ndoa ilikuwa ya kweli, si ya kununua karatasi. Na tangu sheria ya mwaka wa 1994, mke anayedhulumiwa na raia au mwenye grini kadi anaweza kujiombea mwenyewe, na mume haambiwi. Hiyo nimeona wengi hawaijui. Mume humtishia kwa kusema, "Mimi ndiye nilikuleta, mimi ndiye nitakurudisha," na yeye anaamini.

Ujerumani wanahesabu miaka ya kuishi pamoja ndani ya nchi hiyo, si tangu siku ya harusi hapa kwetu. Ikifika 3, mke anaweza kupewa kibali chake cha mwaka mmoja hata kama wametengana. Kabla ya 2011 ilikuwa miaka 2. Penye ugumu mkubwa kama vile kupigwa, hiyo miaka 3 inaweza kuachwa.

Kazi iliyo hapa nyumbani

Kila moja ya njia hizi inadai ushahidi, na nusu ya ushahidi uko kijijini. Ndoa ilikuwa ya kweli? Picha za ruracio, cheti cha ndoa, kadi za mwaliko, daftari la kamati ya harusi, wazee waliokuwepo: hivyo vyote viko huku. Wazazi wanaweza kwenda kwa wakili na kuapa hati ya kiapo wakisema waliyoyaona kwa macho yao. Kama binti alikuwa akipiga simu usiku akilia, msifute ule ujumbe wa simu. Kama aliwahi kwenda polisi au hospitali huko, atafute karatasi. Yule mama alikuwa na kila kitu ndani ya mkebe wa Kimbo juu ya kabati, pamoja na risiti za kahawa. Tulikaa jioni nzima tukitenganisha.

Kuhusu pasipoti: pasipoti ya Kenya ni mali ya Serikali ya Kenya, si ya mume. Binti alikwenda polisi akasema ukweli, kwamba ilichukuliwa, akapewa abstrakti, kisha akaomba nyingine kwenye eCitizen na kupeleka alama za vidole Embu. Tena siku hizi kibali cha Uingereza si kadi, kiko kwenye kompyuta. Mume ndiye aliyefungua akaunti yake na nywila anaijua yeye. Kama binti yenu yuko huko sasa, hata kama ndoa ni tamu kama asali, mwulizeni ni nani anayeijua nywila hiyo.

Asikimbie kurudi nyumbani kwa hasira kabla ya kushauriwa, maana kuondoka kunaweza kufunga mlango ambao ungekuwa wazi. Wala asijifiche tu. Marekani, mtu aliyekaa zaidi ya siku 180 bila kibali kisha akaondoka anaweza kuzuiwa kurudi kwa miaka 3, na akizidisha mwaka mmoja, ni miaka 10. Na watoto wasibebwe kimya kimya: Uingereza, kumtoa mtoto wa chini ya miaka 16 nchini bila idhini ya mzazi mwenzake au ya mahakama ni kosa la jinai. Akitaka kuja nao kwa njia halali, wao ni Wakenya kamili. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema mtoto wa mama Mkenya ni raia kwa kuzaliwa, popote alipozaliwa. Naye mwenyewe hakupoteza uraia wake kwa kuolewa wala hataupoteza kwa kuachika, kifungu cha 13.

Msimpe pesa kila anayejiita ajenti. Uingereza, kutoa ushauri wa uhamiaji kama kazi bila kusajiliwa ni kosa. Wasichana wetu wamesaidiwa bure na watu wanaojulikana: London kuna Southall Black Sisters, wako tangu 1979, Ujerumani ofisi za Caritas zina washauri wa wageni, Marekani ni Catholic Charities. Hapa Kenya, FIDA. Na msimfundishe binti kutunga dhuluma ambayo haikuwako. Maafisa huuliza mara tatu, na uongo mmoja unaharibu hata ile kweli iliyobaki.

Wengine wameniuliza kama Kanisa linakubali haya. Kanuni ya 1153 ya Sheria ya Kanisa inampa ruhusa ya kutengana mwenzi ambaye maisha yake au roho yake imewekwa katika hatari kubwa. Kutengana si kuoa tena; hilo ni jambo lingine na lina ofisi yake.

Binti wa yule mama alipata pasipoti mpya. Visa yake tulikuta imeshafutwa, kwa hivyo ombi limepelekwa kama la mke aliyetelekezwa, likiwa na hati ya kiapo ya baba yake na picha kumi na mbili. Jibu halijafika. Mume amepiga simu mara mbili akitaka kujua nani anamfundisha. Sasa binti anasaidia kikundi kuandika daftari la mikopo, na wale waliokuwa wakisema aombe msamaha wanamletea fomu zao za benki awasomee.