Je, Wajua? Mvua ya Ziwa Viktoria Ina Daftari la Mionzi

Je, wajua kwamba mito miwili ya mpaka wa Kenya na Uganda haiendi pamoja? Mto Sio, unaochora sehemu ya mpaka wa Busia, huingia Ziwa Viktoria. Mto Malaba huelekea Ziwa Kyoga, Uganda.

Hata hivyo, takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Viktoria hayatoki mitoni, bali hunyesha moja kwa moja juu yake. Kwa hiyo kinachobebwa na mawingu kinazihusu Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja.

Majaribio ya mabomu ya nyuklia katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalimwaga angani tritiamu, yaani haidrojeni yenye mionzi, ambayo hushuka pamoja na mvua. Ili kuifuatilia, Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki na Shirika la Hali ya Hewa Duniani yalianzisha mtandao wa kupima mvua ulimwenguni mwaka 1960. Entebbe, kando ya ziwa, ni miongoni mwa vituo vyake vikongwe.

Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Muungano wa Kisovieti zilitia saini mkataba wa Moscow wa kukomesha majaribio ya angani. Tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi, na leo wataalamu huitumia kukadiria umri wa maji ya visima.

Sasa Uganda inapanga kinu cha nyuklia Buyende, karibu na Kyoga. Vipimo vya mionzi vinavyochukuliwa kabla ya ujenzi ndivyo vitakavyolinganishwa na vya baadaye.