Mafuta ya Karafuu Hukaa Wapi?

Chukua karafuu moja mbichi, uiminye kwa ukucha chini ya kichwa chake. Utaona unyevu unaong'aa, na harufu itakupanda puani. Hayo ndiyo mafuta, na ndiyo hasa mali yetu.

Chini tu ya ngozi ya karafuu mna vifuko vidogo mno, havionekani ila kwa hadubini. Mti hufanya mafuta kutokana na chakula ulichokipika kwa jua, ukayafungia humo, maana yakienea ovyo yangeudhuru mti wenyewe. Kwa mti ni kinga ya wadudu na ukungu; kwetu sisi, kila aliyeumwa jino ajua. Sehemu yake kubwa ni dawa iitwayo yujinoli, ambayo madaktari wa meno huichanganya na unga wa zinki kuzibia jino kwa muda.

Karafuu kavu iliyochumwa kwa wakati huwa na mafuta ratili 15 hadi 20 katika kila ratili 100. Makonyo yana 5 au 6 tu. Ua likifunguka, mafuta hupungua; likiwa tunda, hubaki machache sana.

Adui mwingine ni gunia. Msimu mmoja nililaza magunia mawili ya karafuu mbichi kwa ajili ya mvua. Asubuhi yalikuwa yakifuka moshi. Nilizianika jamvini siku nne, zikakauka nyeupe na kusinyaa, na mnunuzi akazitia daraja ya chini. Tangu hapo nachambua usiku ule ule, hata kwa taa ya chemli.