Kununua Motokaa Ndogo Iliyokwisha Tumika: Yaangalieni Haya Kabla ya Kutoa Fedha



Kila baada ya msimu mzuri wa karafuu hutujia wanachama ofisini kutaka shauri juu ya kununua motokaa. Wengi huwa wamekwisha iona gari yenyewe, na baadhi yao wamekwisha toa arubuni, na walitakalo kwetu ni kuambiwa tu kuwa wamefanya vyema. Kwa hivyo tumeona bora tuandike hapa yale tuyajuayo, ili yasomwe kabla ya arubuni, si baada yake.

Twaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Chama kiliwahi kununua gari ndogo kwa kazi za ofisi na kupelekea malipo ya wachumaji mashambani. Gari ilikuwa inang'aa, viti vyake safi, na bei yake chini ya wenzake. Tuliizunguka mara mbili, tukalipiga tairi teke, tukalipa. Haikutimia miezi mitatu, gia zikaanza kuteleza kila tukipanda mlima, na siku moja katikati ya msimu ikasimama kabisa, na fedha za wachumaji zimo ndani. Wachumaji walingoja mpaka usiku. Asubuhi yake wengine walikwenda shamba la mtu mwingine, na karafuu za mwanachama wetu zikafunguka maua mtini. Aliyetuuzia hakutudanganya kwa neno hata moja. Ni sisi ambao hatukumwuliza.

Na ajabu ni kuwa sisi ni watu tuliozoea kukagua mali. Hakuna hata mmoja kati yetu anunuaye gunia la karafuu kwa kutazama nje ya gunia. Tutatia mkono mpaka chini, tutanusa, tutavunja karafuu moja tusikie kama imekauka, tutatazama makonyo yaliyochanganywa. Basi motokaa nayo haitaki elimu nyingine ila hiyo hiyo.

Tuchukue mfano wa gari ambazo wengi wetu huzitamani, yaani Toyota Vitz na dada yake IST. Vitz ilitoka Japani mwaka 1999, na Ulaya ikauzwa kwa jina la Yaris. Toleo la pili lilitoka mwaka 2005, na la tatu mwishoni mwa mwaka 2010. Mwaka 2020 jina la Vitz likaachwa hata huko Japani. IST ilitoka mwaka 2002, nayo imejengwa juu ya msingi wa Vitz. Sifa zao ni za kweli: hazinywi petroli nyingi, vipuri vyake vyapatikana, mafundi wamezizoea, na injini zake hutumia mnyororo wa ndani badala ya mkanda wa kubadilishwa kila baada ya muda. Lakini sifa ya jina si sifa ya gari moja iliyo mbele yako. Shamba zuri laweza kutoa gunia bovu.

Tazama kwanza namba ya chasisi, kwani herufi zake hueleza injini. Vitz ya toleo la pili yenye KSP90 ina injini ya lita moja na silinda tatu. Injini hii hutetema kidogo gari ikisimama, na hiyo ni tabia yake, si ugonjwa. IST yenye NCP60 ni ya lita 1.3, na yenye NCP61 ni ya lita 1.5. Namba iliyo kwenye gari na iliyo kwenye kadi lazima zilingane herufi kwa herufi. Zisipolingana, mshukuru mwenye gari uende zako.

Ama kuhusu asili yake, jueni kuwa Japani gari mpya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Ndiyo sababu watu wa huko huuza gari ambayo bado yafaa. Gari hizi hupita mnadani, na kila moja huandikiwa karatasi ya hali yake. Kama muuzaji anayo, mwombe. Alama ya 4 au zaidi ni nzuri, na 3.5 yastahamilika. Ukiona herufi R, gari hiyo iliwahi kugongwa ikatengenezwa. Katika mchoro wa bodi, herufi A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipotengenezwa, na S ni kutu. Kilomita zilizoandikwa humo zilinganishe na za kwenye mita. Kama karatasi haipo, tazama pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Mpira wa pedali uliolika mpaka chuma hauwezi kuwa wa kilomita elfu arubaini.

Kutu tunaitaja mbali, kwa sababu ya visiwa vyetu. Sehemu za Japani zenye theluji humwagiwa chumvi barabarani wakati wa baridi, na chumvi hiyo hula gari kwa chini. Ikija huku ikakutana na upepo wa bahari, ugonjwa huzidi. Inua mazulia, toa tairi la akiba utazame shimo lake, na ingia chini ya gari na kurunzi. Chukua na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Pale isiposhika bati, ujue pana kutu au jeraha lililozibwa kisha likapakwa rangi.

Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kwani injini iliyokwisha pata moto huficha maradhi yake. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utandu kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Kisha washa, utazame moshi. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni maji. Mweusi ni petroli iliyozidi. Taa ya manjano ya injini iwake ufunguo ukifunguliwa, kisha izimike injini ikiwaka. Isipowaka kabisa huenda imeng'olewa makusudi.

Gia ndizo zilizotuumiza sisi. Weka mguu kwenye breki, tia gia ya nyuma kisha ya mbele. Ikichelewa kushika au ikigonga kwa kishindo, hiyo si dalili njema. Halafu ipeleke mlimani ukiwa na watu wanne ndani, kwani sisi twaendesha kwenye vilima, si uwanjani. Vitz nyingi za toleo la pili zina gia za aina ya CVT, ambazo zataka mafuta yake maalumu. Zikitiwa mafuta ya gia ya kawaida huharibika, basi uliza zilitiwa nini na lini. Mwisho, kata usukani mpaka mwisho, uende mzunguko polepole. Ukisikia ka-ka-ka, viungo vya magurudumu ya mbele vimekwisha. Kwenye tairi tafuta namba nne: 1521 maana yake limetengenezwa wiki ya 15 ya mwaka 2021.

Liko jambo moja la hatari ya roho. Mifuko ya hewa ya usalama iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ilikuwa na baruti inayoharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, mfuko ukapasuka na kurusha vipande vya chuma. Watu wamekufa kwa ajili hiyo Marekani, na Malaysia pia, ambako hali ya hewa yafanana na yetu. Mwaka 2015 Toyota ilizirudisha gari nyingi kubadilishiwa, na Vitz zimo. Kwa namba ya chasisi wakala wa Toyota aweza kujua kama gari yako imo na kama ilikwisha badilishiwa. Usimpakie mtoto kabla hujauliza.

Sasa tuje kwenye thamani. Bei si thamani. Tuseme, kwa mfano tu, gari ya kwanza ni shilingi milioni 8, yataka matengenezo ya milioni 3, itakutumikia miaka mitatu, kisha utaiuza milioni 2. Imekula milioni 9, yaani milioni 3 kila mwaka. Ya pili ni milioni 10, yataka nusu milioni, itatumika miaka mitano, kisha utaiuza milioni 4 na nusu. Imekula milioni 6, yaani milioni 1 na laki 2 kila mwaka. Rahisi imekuwa ghali. Hesabu yako igawe kwa bei ya kilo ya karafuu, upate kujua ni kilo ngapi gari itakula kila mwaka, mbali na petroli na bima.

Na mikarafuu, kama mjuavyo, ikizaa sana mwaka mmoja hupumzika unaofuata. Gari haipumziki. Kwa hivyo fedha za wachumaji na za palizi zitengeni kwanza, na itakayobaki ndiyo ya gari. Ikiwa haitoshi, ngojeni msimu mwingine, na si aibu.

Mwanachama aliyepata gari na hana mwenziwe wa kwenda naye kuikagua, na apite ofisini kabla ya kulipa. Sumaku na kurunzi vipo, na sisi tutafuatana naye.

Katibu wa Chama