Mbegu ya okidi haioti bila kuvu

Mkulima wa Newala anayechagua mbegu ya korosho huitumbukiza kwenye maji: inayozama hupandwa, inayoelea huachwa. Uzito ule ni chakula. Zile pande mbili nyeupe tunazozikaanga ndizo akiba ya mche mpaka majani yake yaanze kujilisha kwa jua.

Mbegu ya okidi haina akiba hiyo. Okidi ni jamii yenye aina zaidi ya 25,000 duniani, vanila ikiwa mojawapo. Katika miombo na misitu ya pwani ya Tanzania iko Ansellia africana, yenye maua ya njano na madoa ya kahawia. Hukaa juu ya matawi ya miti, na baadhi ya mizizi yake husimama wima ikidaka majani makavu yanayoanguka. Tunda moja la okidi laweza kubeba maelfu ya mbegu, kwa aina nyingine hata mamilioni, na kila moja ni vumbi tu: kiinitete cha seli chache ndani ya ganda jembamba. Upepo huzipeleka mbali, lakini hufika mikono mitupu.

Mbegu ikitua penye unyevu hunyonya maji, huvimba, hupasua ganda na kuwa kidonge kisicho na mzizi wala jani, kinachoitwa protokomu. Hapo lazima ikutane na kuvu. Nyuzi za kuvu hupenya na kujiviringisha ndani ya seli zake, nazo seli huzimeng'enya na kupata sukari na madini ambayo kuvu imeyatoa kwenye majani na magogo yanayooza, au kwenye mizizi ya miti jirani. Kidonge kikishiba huchipua ncha ya kijani, jani, kisha mzizi. Mbegu isiyopata kuvu inayoifaa hufa, na nyingi mno huishia hivyo.

Najua habari hii ni ngumu kupokelewa Masasi na Newala, ambako kuvu maarufu ni ubwiriunga, ulioripotiwa nchini mara ya kwanza mwaka 1979, unaounguza maua ya mikorosho na kumlazimisha mkulima kununua salfa. Ubwiriunga ni adui kweli. Kuvu ya okidi ni ya ukoo mwingine kabisa.

Mfaransa Noël Bernard ndiye aliyeigundua siri hii mwaka 1899, alipokuta miche michanga ya okidi msituni ikiwa imejaa kuvu. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani akaonyesha kwamba mbegu ikilishwa sukari ndani ya chupa safi huota bila kuvu. Ndivyo maabara zinavyozalisha okidi za maduka ya maua mpaka leo.

Porini hakuna chupa. Huko Makete watu huchimba viazi vya okidi za ardhini ili viuzwe Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, inalinda baadhi ya okidi hizo. Anayeng'oa kiazi kabla tunda halijapasuka huondoka na mmea pamoja na mbegu zake zote, na huwezi kuzifidia kwa kumwaga mbegu nyingine shambani kama ufuta.