Tela Isiyoyumba: Maagizo kwa Mwenye Pikapu Anayekokota Mazao

Mkulima wa Buseresere aliyekwisha kuvuna, kupukuchua na kujaza magunia bado hajamaliza kazi yake. Mazao yamo nyumbani, na mnunuzi yuko mbali: Katoro kwa jirani, Geita upande wa mashariki, ama Mwanza ng'ambo ya ziwa. Zamani alitegemea mkokoteni na maksai. Siku hizi wengi hununua au hukodi pikapu na kuifungia tela nyuma. Tela ina faida, kwa kuwa huongeza mzigo bila kununua gari la pili. Lakini tela iliyopakiwa vibaya huyumba kama mkia wa mamba majini, ikaisukuma pikapu huku na huku, na mwisho wa safari ni mtaroni. Mazao ya mwaka mzima humwagika kwa dakika moja. Tena barabara hiyo hiyo ina watoto waendao shule, wapanda baiskeli na pikipiki, na akina mama wenye ndoo kichwani, ambao hawana kosa lo lote.

Watu wakiiona tela imelala chali husema dereva hakujua kazi yake, au barabara ilikuwa mbaya. Huenda ni kweli. Lakini mara nyingi kosa lilikwisha kutendeka kabla ya safari, pale uani, magunia yalipokuwa yakipakiwa. Karatasi hii yakusudia kukuonyesha kosa hilo na namna ya kuliondoa.

SOMO LA MKOKOTENI

Jambo hili si geni kwako kama umewahi kufuata mkokoteni. Ukipakia mzigo nyuma ya magurudumu, mti wa mkokoteni huinuka, nira ikapanda, na kamba zikawabana maksai koo. Ukiurundika wote mbele, nira huwalemea shingo hata wakakataa kwenda. Basi mtu mwenye akili husogeza magunia kidogo kidogo mpaka nira ikae shingoni kwa uzito wa kiasi.

Pikapu ndiyo maksai wako, na tela ndiyo mkokoteni. Kanuni ni ile ile, ila tofauti ni mbili. Kwanza, maksai akibanwa koo husimama. Pikapu haisemi neno, huendelea tu mpaka hatari imefika. Pili, maksai huenda kwa mwendo wa mtu atembeaye, na kwa mwendo huo kosa la kupakia haliui mtu. Kwa mwendo wa gari huua.

KWA NINI TELA HUYUMBA

Tazama tela yenye mzigo mzito nyuma ya ekseli. Pua yake, yaani sehemu ile ifungwayo kwenye gari, huwa nyepesi, na mkia huwa mzito. Upepo ukiipiga ubavuni, au gurudumu moja likiingia shimoni, au lori likiipita kwa kasi, mkia husukumwa upande. Kitu kizito kikianza kwenda si rahisi kukizuia: mkia hurudi, hupita katikati, huenda upande wa pili. Katika mwendo mdogo misukosuko hiyo hufifia yenyewe. Ukiongeza mwendo, hufika mahali ambapo kila mpigo ni mkubwa kuliko uliotangulia, na hapo dereva hawezi tena kuuwahi kwa usukani.

Uzito ukiwa mbele ya ekseli kwa kiasi, tela hufuata gari. Basi kabla ya kutafuta springi mpya au dereva mpya, tazama kwanza mzigo wako umekaa wapi.

KIPIMO CHA PUA

Kipimo ni hiki: katika kila kilo 100 za tela pamoja na mzigo wake, kilo 10 hadi 15 zilemee kwenye pua. Tela yenye jumla ya kilo 750 hutaka pua ya kilo 75 hadi 112.

Chukua mfano. Tela tupu ina kilo 250, nayo pua yake peke yake ni kilo 25. Kutoka puani hadi kwenye ekseli ni meta 2 na nusu. Unataka kupakia magunia 5 ya mahindi, kila moja kilo 100.

Ukiyapanga magunia ili katikati ya mzigo iwe juu ya ekseli hasa, pua hubaki na kilo 25 zile zile. Hazitoshi. Ukiyasogeza nyuma kwa sentimeta 20 tu, pua hupoteza kilo 40. Maana yake tela sasa inainyanyua pikapu kwa nguvu ya kilo 15. Hiyo ndiyo tela itakayokuangusha. Lakini ukiyasogeza mbele ya ekseli kwa sentimeta 35, pua hupata kilo 70 zaidi, jumla kilo 95. Hapo umefika mahali pake.

Tazama basi: magunia ni yale yale na tela ni ile ile. Kati ya safari njema na ajali pana umbali usiozidi urefu wa mkono wako.

Kupima si kazi ngumu. Mizani ile inayopima magunia kwenye kituo cha kununulia mazao yatosha. Simamisha tela mahali sawasawa, uzibe magurudumu yake kwa mawe, kisha uegemeze pua juu ya gogo lililowekwa kwenye mizani, kwa kimo kile kile ambacho hukaa ikiwa imefungwa kwenye gari. Usome uzito. Lakini angalia: kabla ya kuifungua tela iliyopakiwa, weka egemeo chini ya mkia wake. Pua ya tela yenye mkia mzito huruka juu ghafula, na imekwisha kuvunja taya za watu.

PUA NZITO KUPITA KIASI

Wengine wakisikia maneno haya hurundika mzigo wote mbele. Hilo nalo ni kosa. Kilo 95 zikikaa meta 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma ya pikapu, nayo magurudumu ya mbele na ya nyuma yameachana meta 3, basi mbele ya gari hupunguziwa kilo 38, na ekseli ya nyuma huongezewa kilo 133. Hizo gari laweza kuzichukua. Uzito wa pua ukiwa mara tatu ya huo, mbele huwa nyepesi, taa hutazama juu ya miti, usukani hulegea, na breki za mbele, ambazo ndizo zifanyazo kazi kubwa, hukosa kushika barabara.

Kumbuka pia kwamba uzito wa pua ni sehemu ya mzigo wa pikapu yenyewe. Magunia yaliyomo ndani ya pikapu yakae karibu na kabini, si mlangoni nyuma.

KUIANDAA PIKAPU

Kiungo. Chuma cha kukokotea kifungwe kwa bolti kwenye chesisi, kamwe si kwenye bampa. Kichwa cha mviringo na kikombe cha tela viwe vya kipimo kimoja. Kuna vichwa vya milimeta 50 na vingine vidogo kidogo, visivyotofautiana kwa macho. Kikombe kikubwa juu ya kichwa kidogo hukaa vizuri uani, kikachomoka kwenye tuta la kwanza. Soma namba iliyopigwa juu ya chuma, au umpe fundi apime. Minyororo miwili ya usalama ipite chini ya pua kwa kupishana, ili pua ikichomoka iangukie juu ya minyororo, isichimbe lami.

Kimo. Tela ikae sawasawa na ardhi, au pua iiname kidogo. Pua iliyoinuka hupeleka uzito nyuma. Kama kichwa kiko juu mno, fundi akishushe. Usiisahihishe tela kwa kupakia vibaya.

Springi. Springi zilizochoka huacha mkia wa gari uiname na kuyumba. Bati la ziada laweza kusaidia, lakini lisitumiwe kuficha mzigo uliozidi. Springi ngumu huinua mkia wa gari, ila hazirudishi uzito ulioondoka kwenye magurudumu ya mbele.

Matairi. Matairi ya nyuma ya pikapu yajazwe upepo kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji kwa gari lenye mzigo. Kipimo hicho huwa mlangoni mwa dereva. Tairi laini hupinda ubavu, nalo gari hucheza juu yake. Matairi ya tela yawe ya ukubwa mmoja na upepo sawa pande zote mbili. Beringi zipate grisi, na nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilometa 50 za kwanza.

Breki. Watengenezaji wengi wa pikapu huweka kikomo cha kilo 750, tela na mzigo pamoja, kwa tela isiyo na breki zake. Tela nyingi zilizochomelewa mitaani hazina breki. Kama yako ni ya namna hiyo, mfano wetu wa magunia 5 ndio mwisho wako. Najua maneno haya ni machungu kwa mtu aliyezoea kupakia 12. Lakini safari mbili ni gharama ya mafuta. Tela inayoisukuma pikapu mteremkoni ni gharama isiyolipika.

MIZIGO YA KUANGALIA

Mashine ya kupukuchua mahindi. Uzito wake hauko katikati, uko kwenye injini. Ikipandishwa juu ya tela, injini ielekezwe mbele, na mashine ifungwe kwa mnyororo pande nne.

Maji. Lita 1 ni kilo 1. Tangi la lita 500 ni magunia 5. Tangi lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu maji hukimbia mbele na nyuma, na uzito wa pua hubadilika kila ukishika breki. Lijae, au liwe tupu.

Mawe ya dhahabu. Katika nchi hii ya machimbo, pikapu iliyobeba mahindi leo huitwa kesho kubeba mawe kwenda kwenye karasha. Mfuko ule ule ukijazwa mawe yaliyopondwa hulemea mara mbili ya ukijazwa mahindi, au zaidi. Usihesabu mifuko, pima uzito.

Pamba. Hii ni nyepesi lakini hujaa juu, na upepo huishika kama tanga la mtumbwi. Magunia ya chini yawe mazito, na mzigo usipite kimo cha kabini ikiwezekana.

Watu. Mtu asipande juu ya tela, hata kwa safari fupi, hata akiwa mwenye mzigo.

NJIANI

Mwendo wa kilometa 60 kwa saa watosha kwa tela yenye mzigo katika barabara nzuri; katika makazi ya watu sheria ni 50, nawe yafaa upunguze zaidi penye soko. Acha nafasi mbele yako mara mbili ya desturi. Mteremkoni tia gia ndogo kabla ya kuanza kushuka.

Angalia zaidi unapotoka penye kinga na kuingia penye upepo. Tangu Juni 2025 magari yaendayo Mwanza hupita juu ya Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, ambapo zamani yalivushwa kwa kivuko. Ni neema kubwa kwa mkulima. Lakini juu ya maji hakuna mti wala nyumba ya kuzuia upepo, na tela ndefu hupigwa ubavu mzima. Punguza mwendo kabla ya kuingia darajani.

Tela ikianza kuyumba, fanya hivi: inua mguu kwenye mafuta, shika usukani kwa mikono miwili, uelekee mbele, wala usijaribu kuufuata mkia, usikanyage breki za gari kwa nguvu. Kama tela ina breki zinazoshikwa peke yake, zishike hizo. Usiongeze mafuta ukidhani utainyoosha. Gari likitulia, simama pembeni, usogeze mzigo mbele. Tela iliyoyumba mara moja itayumba tena, maana sababu yake bado imo ndani.

KABLA YA KUONDOKA

Zunguka gari lako mara moja, wala usimtume mtoto. Tazama: kichwa na kikombe vimefungwa na pini imo, minyororo imepishana, taa za nyuma na za kugeuka zawaka, matairi yana upepo, kamba zimekazwa, mbele ya gari haikuinuka. Kisha shika pua ya tela, uinyanyue. Ikiinuka kwa urahisi, usiondoke. Mzigo wako uko nyuma mno. Ikikataa, na mizani imekwisha kukubali, washa gari.

Kazi hiyo yote haizidi robo saa. Umengoja mahindi tangu mvua za kwanza. Ngoja na robo saa hii, mazao yafike sokoni na wewe urudi nyumbani.